Kumtazama Mtoto Anapotazama: Mwongozo wa Baba kuhusu Filamu na Katuni za Watoto

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka mitano nilipomwona akivuta shuka taratibu hadi kidevuni, macho hayapepesi, wakati mnyama mdogo kwenye filamu alipokuwa akimwita mama yake asiitikiwe. Hakulia wala hakuniuliza neno. Filamu ikaisha kwa nyimbo na shangwe, nami nikadhani mambo yamekwisha. Siku ya tatu, akiwa anapiga mswaki na povu limemjaa mdomoni, akanigeukia: "Baba, sasa yule mtoto, nani atakuwa anamwita jina lake?" Nilisimama pale na taulo mkononi, nikatambua kwamba kwa siku tatu nzima mwanangu alikuwa bado yumo ndani ya filamu ile, peke yake, na kwamba wakati alipokuwa akiitazama mimi nilikuwa nimeketi hatua moja kutoka kwake nikisoma ujumbe kwenye simu.

Niliyoyaandika hapa ndiyo ninayoyafuata tangu siku hiyo, kwa mpangilio ambao mzazi mwingine anaweza kuutumia nyumbani kwake. Wazazi wengi tunapozungumzia watoto na skrini huanzia kwenye saa na kuishia kwenye saa: atazame kwa muda gani, izimwe wakati gani. Muda ni jambo kubwa, nami nitalieleza. Hata hivyo, kwa maoni yangu, swali linalotangulia yote ni nani ameketi kando ya mtoto wakati anatazama, kwa sababu filamu ileile inayomwachia mtoto mmoja hofu ya wiki nzima humwachia mwingine mazungumzo mazuri na mzazi wake, na mara nyingi kinachowatofautisha ni mtu mzima mmoja tu aliyekuwapo na aliyekuwa makini.

Hatua ya kwanza: Jua mtoto wako anaona nini

Kabla ya kuchagua filamu, fahamu kwamba mtoto haoni kile unachokiona wewe. Mwaka 1990 mwanasaikolojia John Flavell na wenzake walichapisha utafiti ambamo watoto waliulizwa iwapo bisi zilizomo ndani ya bakuli linaloonekana kwenye runinga zingemwagika endapo runinga ingepinduliwa. Watoto wa miaka mitatu walielekea kusema kwamba zingemwagika, ilhali wa miaka minne walielekea kujua kwamba ile ni picha tu. Nilipolifahamu jambo hilo niliacha kumwambia mtoto mdogo "hiyo si kweli" nikitarajia hofu imtoke. Katika umri huo maneno hayo hayana pa kushika; kinachomsaidia ni mkono begani, sauti unayoijua wewe ya kumtuliza, na pengine kuondoka chumbani kwa muda.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hujifunza kidogo sana kutoka kwenye skrini akilinganishwa na anavyojifunza kwa mtu aliye mbele yake. Neno analolisikia kwa mzazi anayemtazama machoni huku akimwonyesha kitu kwa kidole humwingia; neno hilohilo likitoka kwenye katuni, aghalabu humpita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 haupendekezi kumkalisha mbele ya skrini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, wala wa mwaka mmoja. Kwa watoto wa miaka miwili hadi minne unasema muda huo usizidi saa 1 kwa siku, na ukipungua ni bora zaidi. Mwongozo huo unahimiza pia kwamba mtoto anapokuwa ametulia mahali, asomewe au asimuliwe hadithi na anayemlea. Mazungumzo ya video na bibi au babu aliye mbali mimi siyahesabu pamoja na katuni, kwa kuwa upande wa pili yupo mtu anayemwona mtoto na kumjibu.

Tangu miaka mitatu hadi saba hivi, hofu ya mtoto hushikamana na sura: uso ulioharibika, mtu anayegeuka ghafla kuwa kitu kingine, giza, mngurumo. Zimwi lenye moyo mwema humtisha kuliko mtu mzuri wa sura mwenye nia mbaya. Anapokaribia miaka minane na kuendelea, hofu huhama ikaenda kwenye yale yanayoweza kumpata kweli, kama vile moto, wezi, vita au wazazi kutengana. Ndiyo maana mtoto wa miaka kumi anaweza kumcheka joka la kutisha, kisha akakosa usingizi kwa sababu ya tukio fupi la baba na mama waliogombana jikoni.

Hatua ya pili: Itazame wewe kwanza

Madaraja ya umri yanayowekwa kwenye filamu ni msaada, ila aliyeyapanga hamjui mtoto wako. Nchini Marekani daraja la PG-13, linalowatahadharisha wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, lilianzishwa mwaka 1984, baada ya malalamiko kwamba baadhi ya filamu za daraja la PG, yaani zinazohitaji uangalizi wa mzazi, zilikuwa na ukatili uliowazidi watoto wadogo. Nchini Uingereza daraja la 12A lina maana kwamba mtoto wa chini ya miaka 12 ataruhusiwa kuingia ukumbini ikiwa tu ameandamana na mtu mzima. Madaraja haya hupima ukatili, lugha na mambo ya ngono. Huzuni ni vigumu kuipima. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 ilipewa daraja la G, yaani inafaa kwa kila umri, na ndani yake mtoto anajaribu kumwamsha baba yake aliyekwisha kufa. Silaumu daraja hilo. Ninachosema ni kwamba herufi ile moja haikuandai kwa dakika ile.

Kwa hiyo itazame kabla yake. Ukikosa nafasi ya kuitazama yote, anza na dakika kumi za mwanzo, maana filamu nyingi za watoto humwondoa mzazi wa mhusika mapema ili mtoto aingie safarini peke yake. Kisha ruka hadi robo ya mwisho, ambako hatari kubwa kuliko zote huwekwa. Mwisho, tafuta tukio la kutisha, ufumbe macho na usikilize tu. Katika Bambi, filamu ya mwaka 1942, hatuoni mama akipigwa risasi. Tunasikia mlio wa bunduki, halafu ukimya, na bado hilo ndilo tukio ambalo watu wazima wengi huikumbukia filamu hiyo. Mtoto aliyefunika macho hajafunika masikio.

Nikiwa natazama, huandika mambo matatu kwenye karatasi: nani anaondoka, nani anaumia, na nani anamfariji aliyeumia. Hilo la tatu ndilo linaloniamulia. Filamu inayomtisha mtoto kisha ikamletea mhusika mtu wa kumshika mkono, ikampa nafasi ya kulia na kupumua, naikubali hata kama ni nzito. Ile inayomwua mtu halafu ikakimbilia kwenye kichekesho bila hata mmoja wao kuhuzunika, naiacha hata kama ina rangi za kupendeza na nyimbo nzuri, kwa sababu inamfundisha mtoto kwamba uchungu ni kitu cha kurukwa.

Hatua ya tatu: Andaa mahali na wakati

Hatua hii ni fupi. Acha taa moja ikiwaka, punguza sauti kuliko unavyopenda wewe, na uchague wakati usiokaribia usingizi. Mimi huacha walau saa moja kati ya filamu na kitanda. Tumieni runinga ambayo wote mnaiona badala ya simu, kwa kuwa simu hushikwa na mtu mmoja na humfunika uso. Simu yako mwenyewe ipeleke chumba kingine.

Zima pia mpangilio unaoanzisha video nyingine yenyewe pindi moja inapokwisha. Filamu ina mwanzo, katikati na mwisho, na mtoto anaweza kuishika yote akilini na kuisimulia; mlolongo wa video fupi hauna mwisho wowote, na unachaguliwa na mfumo unaopima ni kipi kitamzuia mtazamaji asiondoke. Nikilazimika kuchagua kati ya filamu ya dakika tisini niliyokwisha kuitazama na dakika ishirini za video zinazojipanga zenyewe, nachagua filamu, kisha naigawa kwa siku mbili au tatu.

Hatua ya nne: Kaa naye, na umtazame yeye

Hapa ndipo kazi ilipo. Hadithi unaifahamu, basi macho yako yako huru. Jifunze dalili za mtoto wako, kwa maana kila mmoja ana zake. Binti yangu huvuta shuka. Mdogo wake, wa kiume, huomba kwenda chooni kila tukio la hatari linapokaribia, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba haja yake haikuwa chooni. Wengine huziba masikio, wengine hucheka kwa sauti isiyo yao, wengine huuliza "atakufa?" kabla ya kitu chochote kutokea. Mtoto anayezungumza sana ambaye ghafla amenyamaza anakuambia jambo.

Ukiona dalili, msogelee kwanza, kabla ya kusema lolote. Kisha sema sentensi moja tu, inayotaja unachokiona: "Naona hapa pamekushtua." Usimhubirie katikati ya filamu, wala usimweleze mwisho utakavyokuwa isipokuwa ameuliza; akiuliza, mwambie ukweli. Usimcheke, usimwambie kwamba yeye ni mkubwa sasa, wala mtoto wa kiume asiambiwe kwamba wanaume hawalii, kwa sababu siku hiyo atajifunza kuificha sura yake, na uso uliofichwa hutauona tena utakapouhitaji.

Jambo lililotusaidia kuliko yote ni kumkabidhi mtoto rimoti. Tulikubaliana kwamba yeyote anaweza kusimamisha filamu wakati wowote bila kutoa sababu. Mara ya kwanza mwanangu alisimamisha mara nne katika dakika kumi, na katika ile ya nne picha ilikuwa imeganda kwenye mlango uliofunguka nusu, naye akanigeukia akaniuliza iwapo mimi naogopa. Nikamjibu kwamba naogopa kidogo. Akakaa kimya, akasogea karibu, akabonyeza iendelee. Mtoto mwenye uwezo wa kusimamisha huweza kustahimili mengi zaidi ya yule aliyefungwa kwenye kiti, na anajifunza kwamba hofu yake ina mpini anaoweza kuushika.

Hatua ya tano: Subiri swali, na ujibu lile lililoulizwa

Filamu ikiisha, usianze kumpa mtihani. "Umejifunza nini?" ni swali la darasani, na mtoto atakupa jibu analodhani unalitaka. Mimi huanza kwa kusema yangu: "Mimi nilimwonea huruma yule mzee aliyeachwa peke yake." Kisha nanyamaza. Kama hana la kusema, basi hana, au hajawa tayari. Maswali ya kweli huja siku ya pili au ya tatu, mikono ikiwa na kazi nyingine: njiani, wakati wa kuoga, mnapokunja nguo. Katika siku hizo jitahidi uwe karibu naye.

Angalia pia michezo yake. Mwaka 1963 Albert Bandura na wenzake walionyesha kwamba watoto waliotazama filamu ya mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa walimpiga vilevile walipoachwa naye, hata wakarudia maneno aliyoyatumia. Mtoto huiga, na si ukatili peke yake. Niliwahi kumsikia mwanangu akimbembeleza dubu wake kwa maneno yaleyale ya mhusika aliyemwona siku moja kabla. Akianza kumpiga mwenzake kwa mtindo wa shujaa fulani, mzuie bila hasira, kisha mrudishe kwenye hadithi: yule aliyepigwa alijisikiaje, na mbona filamu haikutuonyesha alivyoamka kesho yake? Swali hilo la pili watoto wangu wanalipenda. Limewafundisha kuona kile ambacho filamu imekiacha nje.

Swali likiwa la kifo, sema neno lenyewe. Mwaka 1982 alifariki mwigizaji Will Lee, aliyekuwa mwenye duka katika kipindi cha watoto cha Sesame Street, na mwaka uliofuata waandaaji waliamua kuwaeleza watoto waziwazi kwamba mhusika wake amekufa na hatarudi, badala ya kusema kwamba amehama au amestaafu. Naona walifanya vyema. Mtoto anayeambiwa kwamba mtu "amelala" anaweza kuogopa kulala, na anayeambiwa kwamba "amesafiri" atasimama mlangoni akimngoja. Binti yangu alipoliuliza lile swali lake, nilimwambia kwamba mama yule amekufa, kwamba hatamwita tena, na kwamba wengine wanaompenda watakuwa wakimwita kwa jina lilelile alilompa. Alitema povu, akasuuza mdomo, akauliza: "Na wewe?" Nikamjibu kwamba ninajitunza ili niishi naye miaka mingi, na kwamba wapo watu wengi wanaolijua jina lake. Kisha tukawataja mmoja mmoja.

Hatua ya sita: Kuzima bila vita

"Bado dakika tano" haina maana kwa mtoto wa miaka minne. Tumia hadithi kuwa ndiyo saa: "Wakifika nyumbani, tunazima." Mwambie kabla ya kuanza, mkumbushe tukio linapokaribia, na mwache abonyeze mwenyewe. Kisha kuwe na kitu cha kuendea, hata kama ni kumwagilia maua au kupanga viatu, kwa kuwa mtoto anayezimiwa skrini akaachwa katikati ya chumba hana pa kwenda ila kwenye kilio. Akilia, mwache alie ukiwa naye. Kuwasha tena ili anyamaze kutampa somo ambalo utalifuta kwa miezi.

Matangazo na bidhaa

Watoto wa chini ya miaka saba au minane kwa kawaida hawatambui kwamba tangazo lina nia ya kuwashawishi. Kwao ni hadithi fupi iliyo ndani ya hadithi ndefu. Video nyingi za kufungua vifurushi vya vichezeo ni matangazo yaliyovaa nguo za michezo, nami siziruhusu kwa walio chini ya umri huo. Kwa mkubwa kidogo, fanyeni mchezo wa kuuliza: nani ametengeneza hiki, na anataka tufanye nini? Baada ya wiki chache atakuwa akikutangulia kujibu.

Watoto wa rika tofauti

Mkitazama wote pamoja, chagua kwa kumfuata mdogo kuliko wote, kisha mtafutie mkubwa jioni yake ya pekee. Asipopata jioni hiyo, ataanza kumwona mdogo wake kuwa ni adhabu.

Akiwa amekwisha kuona kisichomfaa

Itatokea, kwa simu ya rafiki, kwa jamaa, au kwa kubonyeza tu. La kwanza ni kuutuliza uso wako, kwa sababu ataupima kabla ya kuamua kuendelea kusema. Mshukuru kwa kukuambia. Mwombe aeleze kwa maneno yake alichokiona, usimwongezee, maana unaweza kudhani kaona zaidi ya alivyoona ukamletea picha ambazo hakuwa nazo. Mtoto mdogo anaweza kuichora picha inayomsumbua, kisha akaibadilisha: akaivisha kofia, akaichorea mlango wa kutokea. Hakikisha hadhani kwamba amekosa, kwa kuwa hakukosa, na ukimwadhibu leo, lijalo hutalisikia. Ikiwa baada ya wiki kadhaa bado halali, anaota ndoto mbaya au ameacha kucheza, mpeleke kwa daktari ueleze yote.

Hatua ya mwisho: Mwonyeshe inavyotengenezwa, kisha achague yeye

Kuanzia miaka sita hivi, mtoto anaweza kufahamu filamu ni kitu gani. Chukueni karatasi ndogo kumi na mbili, mchore mpira katika kila moja, ukisogea kidogo chini kila ukurasa hadi ugonge ukingo, kisha uanze kupanda. Zibaneni upande mmoja na uzipitishe kwa dole gumba. Mpira utaruka. Mweleze kwamba filamu za ukumbini kwa kawaida zina picha 24 katika kila sekunde moja, na kwamba katuni za zamani zilichorwa kwa mkono, na watu walioinamia meza kwa miaka. Kisha rudieni tukio lililomtisha, mara moja bila sauti na mara moja sauti ikiwepo, naye akuambie kipi kilichomtisha hasa. Mwanangu aligundua mwenyewe kwamba zimwi lake liliogopesha kwa sababu ya ngoma. Akaenda jikoni, akachukua sufuria na mwiko, akalitengenezea zimwi jingine.

Anapofika miaka tisa au kumi, mpe zamu yake. Achague filamu aliyokwisha kuitazama na ambayo wewe hujaiona, akae kando yako, akushikie rimoti. Ataanza kukutazama usoni kila jambo analolipenda linapokaribia. Usiangalie simu. Ikiisha, mwulize kwa nini alikuchagulia hiyo, kisha nyamaza mpaka ajibu.